Picha Safi

Mashine yetu ya MRI ilikuwa imekaa siku nne bila kufanya kazi. Mafundi walipomaliza kuirekebisha, Ijumaa jioni, alihitajika mtu wa kulala ndani ili tuone kama picha zinatoka sawa kabla hatujaanza kuwaita wagonjwa. Ni jambo la kawaida. Sisi tunaofanya kazi hii tumelala humo mara nyingi. Magoti yetu, migongo yetu, vyote vimewahi kupigwa picha kwa ajili ya fundi fulani. Siku hiyo walitaka kichwa. Mwenzangu wa zamu alisema ana njaa na ile mashine humtia usingizi, basi nikavua hereni, nikatoa simu na funguo mfukoni, nikalala mimi.

Dakika kama ishirini za kugongewa masikioni. Nilipotoka, mwenzangu alikuwa ameinamia skrini. "Picha safi, dada," akasema. Akaihifadhi kwa jina la "Jaribio" pamoja na tarehe, akazima taa, tukaenda kutafuta chipsi.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Picha ile bado imo kwenye kompyuta na sijaifungua. Najua alichomaanisha: hakuna mistari, hakuna kivuli, mashine imepona. Alikuwa anaangalia mashine, hakuwa ananiangalia mimi. Lakini kila baada ya muda, nikiwa jikoni au nimebanwa kwenye kiti cha nyuma cha matatu, lile neno "safi" hunirudia na ninaanza kulipima upya, kama mtu anayehesabu chenji mara ya tatu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa matatu kati ya Voi na Wundanyi. Anayeijua barabara ile baada ya kupita Mwatate, inavyopanda ikijikunja, anajua kuwa dereva wake hahitaji kusifiwa na mtu. Alipofika miaka 41 alianza kuangusha vitu. Kikombe, funguo, noti za abiria. Kisha bega likawa linapanda lenyewe, na vidole vikawa vinacheza juu ya usukani kama vya mtu anayepiga kinanda. Abiria wakasema amelewa. Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani! Gari akanyang'anywa. Akawa mkali nyumbani, yeye ambaye tulimjua kwa upole, akasahau mambo ya jana, akampiga mkewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya na ambalo shangazi hakulisema hadi baada ya mazishi. Watu walisema amerogwa. Mchungaji alikuja, na mwingine ambaye si mchungaji akaja pia, usiku.

Nyanya peke yake hakusema kitu miaka yote ile. Halafu siku moja, tukimenya viazi, akatamka tu bila kuulizwa: "Babu yenu pia alikufa akicheza."

Nilikuja kujua baadaye kwamba madaktari wa zamani walichagua neno lilelile. Waliziita zile harakati kwa neno la Kigiriki lenye maana ya ngoma. Mwaka 1872 daktari kijana wa Marekani, George Huntington, akiwa na miaka 22, aliandika kuhusu familia ambazo yeye, baba yake na babu yake waliziona zikicheza hivyo, kizazi baada ya kizazi. Ugonjwa ukachukua jina lake. Kwetu haukuwa na jina mpaka mjomba alipofika miaka 47 na daktari mmoja wa neva akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Baba yake alikufaje?" Tukachanga kwenye kundi la familia, damu ikapelekwa Afrika Kusini. Daktari aliagiza vipimo viwili, kwa sababu kuna ugonjwa wa pili unaofanana na ule wa Huntington kama pacha, uliotambuliwa mwaka 2001, wenye jeni yake nyingine kwenye kromosomu ya 16, na unaowapata karibu watu wenye asili ya Afrika pekee. Ukiangalia picha za ubongo huwezi kuvitofautisha. Majibu ya mjomba yalikuwa ya ule wa kwanza.

Nieleze kwa kifupi, maana hesabu yake ndiyo inayotunyima usingizi. Kwenye kromosomu ya 4 kuna jeni ambayo ndani yake herufi tatu, C, A na G, zinarudiwarudiwa. Wengi wetu tuna marudio yasiyofika 27. Mwenye 40 au zaidi ataugua, akiishi miaka ya kutosha. Kati ya 36 na 39 huenda akaugua, huenda asiugue. Mjomba alikuwa na 44. Alikufa akiwa na miaka 56, mwepesi kama mtoto, bado anacheza. Kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi, na ikipitia kwa baba, marudio huweza kuongezeka njiani. Mama yangu sasa ana miaka 61 na mikono yake imetulia, kwa hiyo nafasi yangu ni ndogo kuliko robo. Ndogo, lakini wapo wanaoanza kuugua baada ya 60.

Sasa nirudi kwenye picha. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kitu kinaitwa kaudeti. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu kichwa chake hubonyea ndani ya ukuta wa chumba cha maji cha ubongo, kama tumbo la mtu aliyeshiba linavyosukuma shati. Kwa mgonjwa wa Huntington kinasinyaa. Ukuta unanyooka na chumba kinakuwa na pembe kama sanduku. Mimi nimeangalia vichwa vingi mno. Kwa mtu ambaye ugonjwa umeshika, nahitaji sekunde tano. Ndiyo maana siwezi kujidanganya kwamba nitaifungua ile faili "kuangalia tu".

Na siku hizi wanasayansi hawangoji ushike. Kuanzia 2008 kulikuwa na utafiti mkubwa katika miji ya Leiden, London, Paris na Vancouver, watu 366: theluthi moja wasio na jeni, theluthi wenye jeni ambao hawajaugua, theluthi walioanza kuugua. Walipigwa picha mwaka baada ya mwaka. Ikaonekana kwamba kaudeti na jirani yake putameni huanza kupungua zaidi ya miaka 10 kabla ya siku ambayo ugonjwa ulitarajiwa kujitokeza. Mwaka 2020 watafiti wa London wakaenda nyuma zaidi, kwa vijana waliobakiza wastani wa miaka 24 hivi. Akili zao zilipimwa zikakutwa hazina kasoro. Lakini putameni ilikuwa ndogo kidogo, na kwenye maji ya uti wa mgongo kulikuwa na mabaki ya neva zilizoanza kuumia. Halafu mwaka 2022 wataalamu wakakubaliana kuugawa ugonjwa kwa hatua, kwa matumizi ya utafiti. Hatua ya 0 ni kuwa na jeni tu. Hatua ya 1 ni pale picha inapoonyesha kusinyaa ingawa mtu hana dalili yoyote. Dalili ni hatua ya 2, na kushindwa kazi zako za kila siku ni ya 3.

Niliposoma hayo nilikwama kwenye hiyo hatua ya 1. Mtu anaamka, anapiga mswaki, anafundisha darasa, anacheza mpira jioni, anampenda mtu. Hana kinachomuuma. Na kuna karatasi mahali inayosema yuko hatua ya kwanza ya ugonjwa. Je, huyu ni mgonjwa?

Kiswahili kinanisumbua hapa, au kinanisaidia, sijaamua. Tunaulizana "u mzima?" na neno hilohilo linabeba mambo mengi: asiyeumwa, aliye hai, aliyekomaa, kitu kisichovunjika wala kumegwa. Chungu kizima. Mkate mzima. Mtu wa hatua ya 1 ni mzima kwa maana tatu za kwanza, ila ya nne imeanza kuwa na shaka: kuna kipande kinamegeka, na hakuna anayekiona isipokuwa mashine. Mjomba angekutana na mashine yetu akiwa na miaka 32, bado anapanda zile kona za Mwatate kwa mkono mmoja huku akitania abiria, tungemwita nani? Mimi nasema tungekuwa tumemwibia. Miaka tisa ya kuendesha gari akiwa mjomba tu, bila kuwa mgonjwa, ilikuwa mali yake. Lakini nikisema hivyo namkumbuka pia shangazi. Naye alikuwa na miaka tisa, na kwa miaka mingi baadaye alidhani anapigwa na mume aliyebadilika tabia. Kama angejua ni ubongo, pengine asingepona kipigo, ila angepona lile swali la amemkosea nini.

Agosti mwaka jana binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba, alikuja Nairobi shule zilipofungwa. Ana miaka 29, anafundisha hesabu. Tulikula, tukaongea habari za mvua na za mama yake, halafu nilipokuwa naosha vyombo akaja akasimama mlangoni.

"Dada, nipige picha."

Nikajifanya sijaelewa.

"Ya kichwa. Usiandike jina langu. Ikiwa sawa, niambie. Ikiwa si sawa, nyamaza tu, sitauliza."

"Sasa nikinyamaza si ndiyo utakuwa umejua?"

Akacheka. Mwalimu wa hesabu na hakuwa amepiga hiyo. "Basi nidanganye. Ikiwa mbaya, sema iko sawa."

Nilikausha mikono polepole kwa sababu sikutaka kumjibu haraka. Tukikubaliana kwamba nitamwambia "safi" kama ni safi, na "safi" kama si safi, neno lenyewe limekufa kabla sijalitamka. Atakwenda nalo Voi na halitamfaa kitu. Atakuwa kama mimi na faili langu, anapima sauti yangu: nilitamka haraka? nilimtazama machoni?

Nikamuuliza kwa nini picha, kwani si kuna kipimo cha damu ambacho kingemjibu ndiyo au hapana? Akasema ndiyo maana. Damu inasema moja kwa moja, na ukishajua huwezi kurudi. Picha ingesema "bado". Alikuwa anatafuta "bado". Nilimwelewa vizuri kuliko alivyojua, lakini ilibidi nimwambie ukweli wa kazi yangu. Yale matokeo ya London na Leiden ni wastani wa makundi. Unachukua watu mia moja na kitu huku na mia moja na kitu kule, tofauti inajitokeza. Ukimchukua mtu mmoja, mara moja, mwenye miaka 29, vichwa vinatofautiana kiasi kwamba kaudeti ndogo kidogo yaweza kuwa ni yake tu, aliyozaliwa nayo. Na hicho kipimo cha "kawaida" kimetokana zaidi na vichwa vya Ulaya na Amerika. Picha nzuri haitamwambia kuwa hana jeni. Picha mbaya itamtisha, na huenda bure. Yaani angelipia kitu ambacho habari yake njema haina uzito ila habari yake mbaya inao.

Kuna jambo lingine ambalo sikumwambia usiku ule, nililifikiria baadaye kitandani. Kipimo cha damu cha ugonjwa huu kina walinzi mlangoni. Tangu 1994 kuna miongozo ya kimataifa iliyoandikwa na madaktari pamoja na familia zenyewe: ushauri nasaha kwanza, muda wa kufikiri, uje na mtu unayemwamini, watoto wasipimwe, na unaweza kughairi hata majibu yakiwa tayari mezani. Picha ya MRI haina mlinzi. Unaingia kwa maumivu ya kichwa au kwa kuwa bodaboda imekuangusha, na unatoka na bahasha. Mimi ndiye ninayekuambia ushikilie pumzi na usitikisike, na huenda nimeona kabla daktari hajaona, na si kazi yangu kusema. Nimejifunza kuwa na uso wa mbao. Wagonjwa wanausoma hata hivyo.

Sisi Wakenya tuna tatizo letu katika jambo hili. Kwa zaidi ya miaka 20 tumeambiwa kwenye redio, ukutani, kanisani, kwenye fulana za bure: jua hali yako. Tumekulia humo. Kujua ni ujasiri na uwajibikaji, kutojua ni woga. Na kwa ukimwi ni kweli, sitaki mtu anielewe vibaya. Kujua kunaokoa, kwa sababu nyuma ya jibu kuna dawa unayoimeza leo jioni. Lakini wanaokumbuka miaka ya tisini, kabla dawa hazijawafikia watu wa kawaida, wanakumbuka pia lile swali walilokuwa wakijiuliza: nijue ili iweje? Hawakuwa wajinga. Ile adabu ya "jua hali yako" ilizaliwa pamoja na dawa. Tumeitoa pale tukaipeleka kila mahali, hata kwenye mlango ambao nyuma yake hakuna kitu.

Ulimwenguni kote, kabla jeni haijapatikana, watu wengi wa familia hizi walisema kwenye mahojiano kwamba kipimo kikija watapima. Kikaja. Waliopima ni chini ya mtu 1 kati ya 5. Na katika waliosita yumo Nancy Wexler wa Marekani, ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa huu mwaka 1978. Alikwenda miaka na miaka kwenye vijiji vya kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, akachukua damu za ukoo mkubwa kuliko wote, kazi iliyosaidia kupata alama ya jeni mwaka 1983 na jeni yenyewe mwaka 1993. Alitengeneza njia ya kujua, halafu mwenyewe akakataa kupita. Mwaka 2020 ndipo alipokubali hadharani kwamba anao, wakati mwili ulikuwa umeshasema kwa niaba yake. Zamani nilidhani huo ni unafiki wa kisomi. Siku hizi simhukumu.

Ila kuna mahali ambapo hoja ya "ni kichwa changu, ni uamuzi wangu" inaishiwa nguvu. Tuseme mimi napima damu na ninakutwa na jeni. Haikutoka hewani. Imetoka kwa mama. Nitakuwa nimempima mama yangu bila kumwomba, mwanamke wa miaka 61 anayepanda kwenda kanisani kwa miguu na ambaye, nikitaja jambo hili, huinuka kwenda kuangalia kuku. Kukataa kwake kujua kunasimama juu ya kukataa kwangu. Nikisogea, tunaanguka wote wawili. Kwa hiyo sijasogea, na nakiri kwamba sijui ni heshima kiasi gani na ni woga kiasi gani.

Na binamu yangu hakuja Nairobi kwa ajili yake mwenyewe tu. Desemba wazee walikuwa waende kwa kina msichana.

Kwetu, kabla ya mahari kutajwa, wazee huuliza. Wanauliza kwa njia za mzunguko: ukoo ule una kifafa? Una wenda wazimu? Wanaume wao huzeeka? Vijana wa leo tunauona ni ushamba, na mara nyingi umetumika kuwaonea watu. Lakini chini yake kuna swali la haki, la mtu anayetaka kujua anaingia wapi. Binamu alikuwa anataka picha ili aende akiwa na jibu, au ili asihitaji kusema kitu. Nikamwambia, na hapa nilikuwa mkali kuliko nilivyotaka, kwamba kutopima ni haki yake mpaka afe. Lakini baba yake alicheza mpaka kaburini, na babu yake kabla yake, na hilo linajulikana tayari. Lile jibu anaweza kuliacha lilale. Swali lenyewe hawezi kumficha mwanamke atakayezaa naye. Akitaka kutojua, basi wasijue wawili, kwa hiari ya wawili.

"Akiniacha?"

"Atakuwa amekuacha."

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza kama ningesema hayo kama ningekuwa mimi ninayeolewa. Nilikuwa nimeshaolewa, na mume wangu nilimwambia mwaka wa pili wa ndoa, si kabla. Nikamjibu hivyo. Sikuona njia ya kumshauri ukweli huku nikimficha huo.

Baadhi ya rafiki zangu, nikiwaeleza haya, hukimbilia bima na kazi. Wana hoja. Uingereza, kwenye makubaliano ya serikali na makampuni ya bima, kipimo cha kutabiri ambacho kampuni inaruhusiwa kuulizia ni cha Huntington tu, tena kwa bima ya maisha inayozidi pauni 500,000. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka afya na jeni kwenye kundi la habari nyeti. Vizuri. Lakini sheria hailindi kitu kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Jambo lililonifariji katika kusoma kwangu lilitoka Kolombia. Kwenye milima ya Antioquia kuna ukoo mkubwa wenye jeni ya Alzheimer inayokuja mapema. Watu huanza kusahau wakiwa na miaka 44 au zaidi kidogo. Picha zao za PET zinaonyesha uchafu wa amiloidi ukianza kujikusanya wakiwa kwenye miaka ya ishirini na kitu. Daktari Francisco Lopera, aliyefariki 2024, alikaa nao karibu miaka 40. Walipotaka kujaribu dawa ya kuzuia, likaja tatizo: ukiwaita wenye jeni peke yao, kumwita mtu ni kumwambia. Basi wakawaita wote. Watu 252 wakaingia, na karibu theluthi moja yao hawakuwa na jeni kabisa. Hao walichomwa sindano zisizo na dawa kwa miaka, wakapigwa picha kama wenzao, ili jirani yao kwenye benchi asijulikane, wala mwenyewe asijijue. Mwaka 2022 matokeo yakatoka: dawa haikusaidia kiasi cha kutegemewa. Nilisikitika. Lakini ule mpango nauona kuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokutana navyo katika taaluma hii. Watu wazima kabisa walikubali kuchomwa sindano ili kulinda kutojua kwa ndugu zao.

Na katika ukoo huohuo alikuwepo mwanamke ambaye picha yake ilijaa amiloidi kupita ya wenzake wengi, na jeni alikuwa nayo, na bado alikaa na akili zake hadi miaka ya sabini. Habari zake zilichapishwa 2019. Alikuwa amebeba jeni nyingine ya nadra iliyomkinga. Mtu kama mimi angeiona ile picha angemzika akiwa hai.

Sasa kuna jambo linalotikisa yote niliyoandika. Septemba 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza matokeo ya tiba ya jeni ya Huntington, inayopelekwa kwa sindano nyembamba hadi ndani ya kaudeti na putameni, kwa upasuaji wa saa nyingi unaoongozwa na MRI. Waliopewa kipimo kikubwa na kufikisha miaka mitatu walikuwa 12, na kampuni ikasema ugonjwa ulipungua kasi kwa asilimia 75 ukilinganisha na rekodi za wagonjwa wengine wa nje ya jaribio. Watu 12 ni wachache, na rekodi za nje si sawa na kundi la kulinganisha. Lakini binamu alinitumia habari ile saa kumi na moja alfajiri bila neno lolote, na nikajua anachosema. Ikiwa dawa itakuwepo, na ikiwa itafaa zaidi kabla kaudeti haijaisha, basi "nijue ili iweje" inapata jibu, na huo mlango niliosema hauna kitu nyuma yake huenda una kitu, ingawa nikikumbuka tulivyochanga kwa shida kwa kipimo tu cha mjomba, sijui ni nani wa Wundanyi atakayeufikia.

Binamu alimwambia msichana. Walikaa stendi ya Voi, akaniambia, mabasi yakipita, akamweleza kuanzia babu. Msichana aliuliza maswali mengi ya mjomba, alivyokuwa zamani, kabla. Kisha akaomba muda. Desemba wazee hawakwenda. Mwezi wa pili walikwenda. Hawajapima na sijui kama watapima. Kuhusu watoto hajaniambia na sijamuuliza.

Mwezi uliopita kliniki ilibadilisha mfumo wa kuhifadhi picha. Kijana wa kompyuta alikuwa anahamisha faili za zamani, akija kwetu kila mara kuulizia zile zisizo na namba ya mgonjwa. Nilikuwa namwandaa mama mmoja aliyeogopa kufungiwa, nimemshika mkono, kijana akachungulia mlangoni na laptopu yake.

"Dada, kuna hii imeandikwa Jaribio. Ya nani? Nifute?"

Alikuwa ameigeuza skrini kwangu. Nikaangalia viatu vyake.

"Iache kwanza," nikasema. "Ihamishe na zingine."